Valvu Zilipita Njia Gani?

Uliza Mbeya au Iringa jinsi amplifaya za valvu zilivyofika Nyanda za Juu Kusini, na jibu la kwanza halichelewi: zililetwa na Wajerumani. Tatizo la jibu hilo ni tarehe. Ngome ya Kalenga ilianguka mwaka 1894. Valvu ya triodi ilibuniwa Marekani mwaka 1906, na miaka kadhaa ilipita kabla watu hawajajua kuitumia kukuza sauti. Kufikia mwisho wa 1916 bendera ya Kijerumani haikuwapo tena Iringa wala Tukuyu. Spika ya koili na karatasi, hii tunayoijua sote, ilitangazwa na wabunifu wake mwaka 1925. Basi askari wa Kijerumani angeisikilizia amplifaya yake kwenye spika ipi?

Hata hivyo sikulitupa jibu lile. Simulizi hukosea mwaka bila kukosea mtu. Walowezi wa Kijerumani walianza kurudi Tanganyika katikati ya miaka ya 1920, wakalima Iringa na Mufindi hadi vita vya 1939 vilipowakuta. Wagiriki nao walilima tumbaku Iringa. Mlowezi mwenye nyumba ya matofali na mashine yake ya umeme angeweza kuwa na redio kubwa ya valvu sebuleni, na mpishi wake angeikumbuka maisha yote. Linawezekana. Lakini lililowezekana si lazima liwe lilitokea, na mimi nilitaka kitu cha kushika mkononi. Chesisi iliyopoteza kibao cha jina, kasha na hata valvu zake, utajuaje kama ni ya 1935 au ya 1955?

Utaangalia soketi. Fundi hubadilisha valvu, kapasita, resista, hata transfoma. Soketi huiacha, maana imepigwa ribiti kwenye bati na imezungukwa na nyaya ambazo hakuna anayetaka kuzigusa. Na soketi zina majira yake. Zile za Ulaya ambazo valvu huzigusa kwa pembeni ni za miaka ya 1930. Zenye matundu manane na mfereji katikati zilitoka Marekani mwaka 1935. Zile ndogo zenye matundu tisa, zinazobeba EL84 na ECC83, zilienea miaka ya 1950. Kwa hiyo nilianza kuinamia chini ya meza za mafundi, Miyomboni na Mlandege kwa upande wa Iringa, Sokomatola na Mwanjelwa kwa upande wa Mbeya, nikigeuza mabati yenye vumbi lililoshikana na nta. Karibu zote zilikuwa na matundu tisa. Kwa nini basi kumbukumbu za watu ni za zamani kuliko soketi?

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye sanduku. Wazee wa Rungwe wakisimulia muziki wa utotoni hutaja sanduku lililorudi na mjomba kutoka migodini kusini, enzi za Wenela, wakala aliyewaajiri wachimbaji. Waulize lilivyokuwa likiwashwa, na mkono unazunguka hewani: lilijazwa kwa mpini. Hiyo ni gramafoni ya springi. Haina valvu, haina waya, haina hata betri. Sindano inatikisa kiwambo, pembe inaitoa sauti nje. Basi muziki wa kwenye sanduku uliitangulia valvu, na kumbukumbu mbili zimeungana zikawa moja. Ukizitenganisha, valvu ya kwanza kusikika hadharani kwenye njia hii ilikuwa ya nani?

Katika maandishi, mgombea wa mapema ninayeweza kumtetea ni lori. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za milimita 16 na kuzizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Sauti ilikuwa kwenye santuri iliyopigwa sambamba na picha. Ili santuri isikike na umati uliosimama uwanjani usiku, ilihitajika amplifaya, na wakati ule amplifaya ilimaanisha valvu. Sasa tazama ramani: gari linalotoka Usambara kwenda Nyasaland lina sababu kubwa ya kupita Iringa na Mbeya. Huo ni ushahidi wa ramani, nami siupi uzito kuliko unavyostahili. Isitoshe, lori lilipita likaenda zake. Ni amplifaya ipi iliyofika ikabaki?

Swali hilo lilinipeleka Tunduma, kilomita 100 hivi kutoka Mbeya, kwa sababu wanaosimulia historia ya redio kutoka pwani huisahau njia ya kusini. Lusaka ilianza kutangaza kwa lugha za Waafrika mwaka 1941, miaka kumi kabla Sauti ya Dar es Salaam haijaanza majaribio yake. Mwaka 1949, kwa juhudi za Harry Franklin, ofisa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, kampuni ya betri ya Ever Ready ilitoa redio ya bei nafuu iliyokusudiwa msikilizaji wa kijijini. Kasha lake lilikuwa la umbo la sufuria ya aluminiamu, kipenyo inchi 9, limepakwa rangi ya bluu, na redio ikaitwa Saucepan Special. Iliuzwa pauni 5. Betri yake pauni 1 na shilingi 5. Wanamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Tunduma, na mawimbi hayaombi pasi. Lakini je, kidude hicho cha valvu nne kinastahili kuitwa amplifaya?

Kinastahili, ukiitazama hatua yake ya mwisho. Katika redio za betri za aina hiyo, nyuzi za valvu huwashwa kwa volti 1.4 hivi, na upande mwingine wa betri hutoa volti 90. Valvu ya mwisho inaipa spika takriban robo ya wati. Leo robo ya wati ni kichekesho. Ila huo haukuwa ubahili wa mbunifu; alikuwa ananunua muda. Betri ya Saucepan ilikadiriwa kudumu saa 300: saa mbili kila jioni, miezi mitano. Angetaka wati mbili, betri ingekwisha kabla mahindi hayajaota. Kila uchaguzi ndani ya sufuria ile ulipimwa kwa mfuko wa mkulima. Miezi mitano ikiisha, mkulima wa Mbozi alipata wapi betri nyingine?

Dukani, na duka linageuza njia irudi pwani. Mbeya kuna Uhindini na Iringa kuna Uhindini, na bidhaa za maduka yale zilipanda treni hadi Dodoma kisha lori hadi Iringa, au hadi Itigi kisha Chunya na Mbeya. Toleo la pili la simulizi, kwamba amplifaya zililetwa na wafanyabiashara wa Kihindi, hapa lina nguvu kuliko lile la Wajerumani, kwa maana ya kwamba wao ndio waliouza. Sikupata stakabadhi ya kunifaa. Chache nilizoonyeshwa zimeandikwa tu “redio moja”, bila namba wala jina. Kama karatasi haisemi, valvu yenyewe inaweza kusema ilitoka wapi?

Inaweza, kwa lugha ya mafumbo. Jina kubwa lililochapwa kwenye kioo halithibitishi kitu, maana viwanda viliuziana valvu na kila mmoja akabandika jina lake. Kinachofaa ni maandishi madogo ya kijivu karibu na miguu, yanayoonekana ukiielekeza valvu mwangani na kuizungusha taratibu. Kwenye EL84 za familia ya Philips na Mullard, mstari wa kwanza huanza na rX, alama ya aina ya valvu. Mstari wa pili huanza na alama ya kiwanda: B ni Blackburn, Uingereza, D ni Hamburg, pembetatu ni Heerlen, Uholanzi. Kisha huja tarakimu moja ya mwaka na herufi ya mwezi. Nilipoisoma B1C kwa mara ya kwanza nilifurahi mno. Blackburn, Machi. Lakini Machi ya 1961 au ya 1971?

Tarakimu moja hairuhusu jibu, na tofauti ya miaka kumi hapa si ndogo. Mwaka 1961 Tanganyika ilipata uhuru na maduka yaliagiza walichotaka wateja. Mwaka 1971 Azimio la Arusha lilikuwa na miaka minne na uagizaji ulikuwa umebadilika mikono. Nilijaribu njia nyingine: swichi ndogo nyuma ya transfoma ya umeme, ile ya kuchagua volti 200, 220 au 240. Hiyo haikuwekwa na kiwanda cha valvu. Iliwekwa na aliyeishi na umeme wa hapa. Kabla gridi ya taifa haijafika Mbeya miaka ya 1980, miji hii iliwashwa na mitambo midogo, ya dizeli na ya maji, kama ile ya Tosamaganga na Mbalizi. Kwenye chesisi mbili za Mbeya swichi ilikuwa kwenye 200. Ni nani anayeweka 200 kwenye nchi ya volti 230?

Mtu ambaye taa zake zilififia kila jioni. Mwisho wa laini, umeme ulipungua, fundi akashusha swichi ili valvu zipate joto lao la volti 6.3. Hesabu ni rahisi: umeme ukirudi 230 na swichi ikabaki 200, nyuzi zile zinapata zaidi ya volti 7, na valvu inazeeka kabla ya wakati. Ndiyo sababu naisoma swichi kama kumbukumbu ya umeme kuliko kumbukumbu ya redio. Inanipa mahali, hainipi mwaka. Pengine hali ya hewa ingenipa?

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Iringa mjini haifiki hata nusu ya hizo. Kwenye amplifaya za zamani kapasita nyingi zilikuwa karatasi iliyoviringishwa na bati laini, ikazamishwa kwenye nta. Unyevu ukipenya, kapasita inaanza kuvujisha. Na kuna moja ambayo uvujaji wake ni msiba: ile iliyo kati ya valvu ya kwanza na gridi ya valvu ya mwisho. Upande mmoja ina volti mia na zaidi. Upande wa pili gridi ya EL84 inatakiwa iwe volti 7.3 chini ya kathodi. Mvujo wa maikroampea 10 tu, ukipita kwenye resista ya kiloohmu 470, unaipandisha gridi kwa volti 4.7. Valvu inafunguka kupita kiasi, sahani yake inageuka nyekundu, na transfoma ya kutoa sauti inaungua nyuma yake. Kosa lilianzia kwenye kapasita ya senti chache, lakini mwenye redio huambiwa nini?

Huambiwa valvu imekufa. Na kweli imekufa. Analetewa nyingine, ambayo nayo inakufa, na hapo ndipo ulipozaliwa usemi niliousikia pande zote mbili, kwamba valvu ni dhaifu, hazikuifaa baridi ya milimani. Mimi nasita kuukubali. Viwanda vilijua tatizo la unyevu. Kulikuwa na matoleo ya nchi za joto, yenye koili zilizopakwa vanishi na kapasita zilizofungwa vizuri zaidi. Katika chesisi nilizozigeuza, zile za upande wa Rungwe zilikuwa na kapasita za nta zilizopasuka na kuvimba, na za Iringa zilikuwa na nafuu. Ningependa kusema mvua imethibitika. Lakini za Iringa zilikuwa pia zimetengenezwa mara nyingi zaidi. Je, nilikuwa napima mvua, au napima idadi ya mafundi?

Ukifungua chini ya bati, mkono wa fundi unaonekana kila mahali. Kapasita za nta zimeng'olewa, na mahali pake pana kapasita za plastiki za volti 400 au 630 zilizotolewa kwenye televisheni za kichogo na kwenye taa za kubana matumizi zilizokufa. Huo ni uchaguzi mzuri kabisa. Mhandisi wa London asingefanya vizuri zaidi. Valvu ya kunyoosha umeme, EZ80, mara nyingi haipo, na dayodi za 1N4007 zimechomewa chini ya soketi yake. Hapo kuna gharama. Valvu ilikuwa inapoteza volti kadhaa na kuchelewa kuwaka. Dayodi haipotezi wala haichelewi, na volti za juu zinazipiga kapasita kabla valvu nyingine hazijapata joto. Fundi mmoja wa Mwanjelwa alikuwa ameongeza resista nene mbele ya dayodi ili kuiga upotevu ule. Mwingine alifanya kinyume: aliiacha EZ80, akaweka kapasita ya televisheni ya mikrofaradi 220 pale ambapo mtengenezaji anaruhusu 50 tu. Alitaka kuua mvumo, akaua valvu. Je, tunasikia bado kazi ya mbunifu wa kwanza, au tunasikia ya hawa?

Transfoma ya kutoa sauti ndiyo iliyonifanya niache kuuliza kuhusu valvu. Valvu ya EL84 inataka kuona mzigo wa ohmu 5,000 hivi, na spika ya zamani ina ohmu 3. Transfoma husimama kati yao na kubadilisha volti nyingi zenye mkondo mdogo kuwa volti chache zenye mkondo mkubwa, kama gia ya baiskeli inavyofanya mlimani. Kwa namba hizi uwiano wa nyuzi unakaribia 40 kwa 1. Upande wa valvu una mizunguko maelfu ya waya mwembamba kama unywele. Ukikatika, dawa ni kuisuka upya, na mafundi wa kusuka hatuna upungufu nao. Tatizo ni kwamba wengi wao walijifunza kwenye mota na transfoma za umeme. Wanajua kuyapanga mabati ya E na I kwa kupishana, yabane kabisa. Mbona transfoma ya redio ya valvu moja haikupangwa hivyo kiwandani?

Kwa sababu mkondo wa valvu moja hupita ndani yake muda wote ukielekea upande mmoja, na chuma huvimbiwa na usumaku. Kiwandani waliyaweka mabati ya E upande mmoja na ya I upande wa pili, wakaacha kipande cha karatasi katikati. Pengo hilo dogo ndilo linaloiacha besi ipite. Nililiona bati la redio la Mbeya ambalo transfoma yake ilisukwa kwa mikono safi sana, waya umelala mstari kwa mstari, na mabati yamepishanishwa. Karatasi haikuwapo. Redio hiyo inaimba, ila besi imekauka, na mwenyewe ameshabadilisha valvu akitafuta besi hiyo. Mabati yakipangwa upya, besi itarudi. Swali langu likawa: ni kiasi gani cha kile tunachokiita sauti ya valvu ni sauti ya transfoma zilizosukwa upya?

Jibu nililolikuta Iringa lilinishangaza. Kwa fundi mzee wa kule, kwenye sanduku la mninga, kulikuwa na amplifaya ya kujitengenezea: EF86 moja, ECC83 moja, EL84 mbili na EZ81. Anayejua mambo haya ataitambua hapo hapo. Ni mchoro ambao Mullard waliutangaza katikati ya miaka ya 1950 kwa watu wa kujitengenezea, ukaitwa 5-10: valvu tano, wati kumi. EL84 zake hupokezana, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, na mikondo yao inafutana ndani ya transfoma, kwa hiyo pengo halihitajiki. Mtaani inaaminika ilikuwa ya Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi iliyoipa Iringa jina miaka ya 1980. Kila amplifaya kuukuu Iringa imewahi kuwa ya Tancut, ukiwasikiliza wenye nazo. Wati kumi zingetosha ukumbi wenye ngoma, tarumbeta na watu wa kucheza?

Hazingetosha. Amplifaya moja tu ya gitaa ya Vox AC30, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, inatumia EL84 nne kutoa wati 30, na bendi inataka zaidi ya moja. Halafu ile ya Iringa haina tundu la maikrofoni. Ina la kichwa cha santuri na la redio. Hiyo ni amplifaya ya sebule, au ya baa ndogo. Simulizi ya bendi naiweka pembeni, bila kumlaumu aliyeianzisha. Anayeuza kitu kizuri hukipa ukoo mzuri. Kilichonisimamisha ni waya mmoja uliokatwa, unaotoka kwenye spika kurudi kwenye kathodi ya EF86. Nikauliza: “Mzee, huu waya nani aliukata?” Akajibu bila kuinua macho: “Mimi, mwanangu. Ilikuwa inapiga mluzi.” Kwa nini amplifaya ya mchoro maarufu ipige mluzi?

Waya ule ndio mrejesho hasi. Mwaka 1927 mhandisi wa Marekani, Harold Black, aligundua kwamba ukirudisha sehemu ya sauti iliyotoka na kuipinganisha na inayoingia, amplifaya hujisahihisha. Mwaka 1947 Mwingereza D. T. N. Williamson aliutumia mrejesho wa desibeli 20 katika amplifaya yake ya KT66, wati 15, akashusha upotoshaji chini ya asilimia 0.1. Lakini alidai transfoma ya hali ya juu, na alikuwa na sababu. Transfoma mbaya huzichelewesha sauti nyembamba. Zikirudi kwa kuchelewa haziipingi tena sauti inayoingia, zinaiunga mkono, na mashine inapiga mluzi. Transfoma ya sanduku lile la mninga ilikuwa imesukwa upya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati spea zilikuwa adimu hata kwa mwenye fedha. Mzee hakuwa na njia ya kupata nyingine. Alikata waya, mluzi ukaisha. Sauti iliyobaki ilikuwaje?

Tuliiwasha. Ina joto, ni nene katikati, haina makali, na ukiongeza sauti inalainika badala ya kupasuka. Ndiyo sauti ambayo wapenzi wa vitu vya zamani wanaililia. Mchoro wa awali haukuitaka hiyo, ulitaka usafi. Utamu ule ulitoka kwenye upotoshaji ambao mrejesho ungeuzima. Sisemi kila amplifaya ya valvu ni hivyo. Nasema kwamba hapa Iringa, katika sanduku hili, kile kinachosifiwa kuwa siri ya valvu kilitoka kwenye koleo la mtu aliyekosa spea. Ni masanduku mangapi mengine yamekatwa waya?

Nilipoyatafuta, mengi sikuyakuta tena na valvu zake. Watu hupita wakinunua valvu kuukuu, wanang'oa, wanaacha bati. Nilikuta pia mafundi vijana wasiojua kwa nini zilikoma, na wanarudia usemi ule wa udhaifu. Mimi naona sababu nyingine. EL84 hula karibu wati 5 kwa kupasha nyuzi zake tu, kabla haijatoa hata noti moja ya muziki. Transista haipashi kitu. Mwaka 1966 kiwanda cha Matsushita kilianza Dar es Salaam kutengeneza redio na betri za National, na Arusha kulikuwa na kiwanda cha redio cha Philips. Redio ya transista ilikwenda shambani kwa betri za tochi, na vijiji vingi vya Mbozi, Makete na Mufindi havikuwa na waya wa umeme. Kinyang'anyiro hakikuwa cha ubora wa sauti. Ila, kama umeme ndio ulioamua kufa kwa valvu, ilikuwaje kabla ya umeme?

Hapo ndipo chesisi moja ya Mbeya ilipovuruga mpangilio wangu. Aliyenayo anasema ilitoka Chunya, na sikuwa na sababu ya kumwamini wala ya kumkatalia. Dhahabu ya Lupa ilivuta watu wengi miaka ya 1930, na vitu vyao vingi vilishuka Mbeya. Valvu hazipo. Soketi tatu zina matundu manane, kwa hiyo haiwezi kutangulia 1935. Hicho ni kikomo cha chini tu, maana valvu za matundu manane ziliendelea kutengenezwa miongo mingi baadaye. Pembeni kuna soketi ya nne, ya matundu manne, na transfoma yenye waya mnene mno upande wa kuingilia. Hakuna mahali pa kuchomeka umeme wa ukutani, wala pa swichi ya kuchagua volti. Iliwashwa na nini?

Matundu manne yale ni ya vaibreta, kifaa cha kukatakata mkondo wa betri ya gari mara nyingi kwa sekunde ili transfoma iupandishe. Kisha nikazifuata nyaya za kupasha valvu. Soketi zote tatu zimeungwa sambamba, moja kwa moja kwenye betri. Valvu za volti 6.3 zikiungwa hivyo kwenye volti 12 zinaungua papo hapo, kwa hiyo, kama zake zilikuwa za volti 6.3, betri ilikuwa ya volti 6. Land Rover, gari tunalolidhania kwanza kila tukisikia habari za zamani za huku, lilikuwa na volti 12 tangu 1948. Kwa sharti hilo tunaweza kuliondoa. Ford na Chevrolet za Marekani zilikuwa za volti 6 hadi katikati ya miaka ya 1950. Na mkondo wa spika haukupelekwa kwenye spika moja: transfoma ina ncha za ohmu 15, na kwenye bati kuna skrubu nne za kuungia nyaya ndefu, zimechakaa kwa kufunguliwa na kufungwa. Huyu hakuwa msikilizaji wa ndani ya gari. Alisimamisha gari, akazitundika spika nje, kisha akaondoka kwenda kuzitundika pengine. Chunya ile ya wachimbaji, kabla ya lami na kabla ya gridi, alikuwa anawatangazia nini?